Kingamwili Inashika Nini? Uhakiki wa Neno Moja na Vitenzi Vyake

Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wa somo la tafsiri aya moja ya sayansi waitie katika Kiswahili. Aya yenyewe ilieleza namna kingamwili zinavyotengwa kwa kromatografia: mchuzi wenye kingamwili hupitishwa katika bomba lililojazwa chembe ndogo ndogo, kingamwili hushikwa na chembe hizo, vitu vingine hupita, na mwishoni kingamwili huachiwa zikatoka peke yake. Tulitegemea kwamba ugumu ungekuwa katika nomino. Tulijiandaa hata kubishana juu ya tahajia ya neno kromatografia. Nomino hazikumsumbua mtu. Vitenzi ndivyo vilivyowashinda, na hatuna budi kukiri kwamba vilitushinda na sisi tuliokuwa tumeshika kalamu nyekundu.

Aya ya asili ilikuwa na kitenzi kimoja tu kwa tendo la kushikamana. Wanafunzi waliturudishia saba: kunata, kuganda, kuambata, kufunga, kukamata, kunasa na kushika. Walioandika kunata walikuwa na picha ya gundi. Walioandika kuganda walituletea balaa, kwani katika sentensi inayotaja damu kitenzi hicho kina maana yake nyingine, na msomaji hawezi kulaumiwa akidhani kwamba damu imegandia bombani. Kuambata ni neno zuri la wanaisimu lakini halimwambii kitu mtu aliye nje ya darasa. Kukamata lilikuja na polisi ndani yake, na kunasa lilikuja na mtego. Kushika, lililo jepesi kuliko yote, tulilipa alama chache kuliko yote. Na mwanafunzi mmoja, badala ya kutafsiri sehemu ya mwisho kwa kitenzi cha kitaalamu, aliandika kwamba kingamwili "ililegeza mkono ikaachia". Tulipiga mstari mwekundu na kuandika pembeni: si lugha ya sayansi.

Makala haya yanakusudia kuhakiki uamuzi wetu huo, na zaidi ya hapo kuhakiki neno kingamwili lenyewe. Dai letu ni kwamba neno hilo linakitaja kitu kwa kazi tunayotumaini kitafanya, yaani kukinga, ilhali maabara na zahanati zinakifahamu kwa kazi moja tu, ambayo ni kushika. Pengo hilo si la wanaisimu peke yao. Kuna watu wanaoumia kwa ajili yake, nasi tutawataja.

Tuanze na jambo lenyewe, maana uhakiki wa lugha ya sayansi usiojali sayansi huwa ni kelele tu. Neno kromatografia lilibuniwa na mtaalamu wa mimea wa Urusi, Mikhail Tsvet, katika maandishi yake ya mwaka 1906. Aliyeyusha rangi za majani akazipitisha katika bomba la unga wa chokaa, akaona kila rangi inasimama mahali pake kwa jinsi inavyoshikwa na chokaa. Maana ya neno hilo kwa asili ya Kigiriki ni maandishi ya rangi. (Jina la ukoo la Tsvet nalo maana yake ni rangi kwa Kirusi, jambo ambalo mtu akilitunga katika riwaya tungemwambia amezidisha.) Msingi haujabadilika tangu hapo. Kinachoshikwa sana huchelewa, kisichoshikwa hupita.

Sasa kingamwili. Ina umbo linalokaribiana na herufi Y. Matawi mawili ya juu tuyaite mikono, na shina la chini tuliite mkia. Ncha za mikono ndizo zinazotofautiana kutoka kingamwili moja hadi nyingine. Moja huweza kushika sehemu fulani ya kimelea cha malaria, nyingine sehemu fulani ya kirusi. Mkia haubadiliki sana. Mwaka 1966 watafiti wawili wa Sweden, Forsgren na Sjöquist, walionyesha kwamba protini A, iliyo juu ya ngozi ya bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, huishika kingamwili kwa mkia. Hila hiyo ya bakteria imegeuzwa kuwa chombo cha kiwanda. Protini A hufungwa juu ya chembe za agarosi, chembe hujazwa katika bomba, kisha mchuzi kutoka katika matangi ya seli hupitishwa. Kila kingamwili inayopita hushikwa mkia, bila kujali mikono yake ilikuwa imeumbwa kushika nini. (Agarosi hutoka katika mwani mwekundu, ila si mwani wa Paje na Jambiani tunaouona ukianikwa, huo hutoa karajinani, ambayo ni kitu kingine.)

Uzuri wa kazi uko katika kuachia. Mchuzi ukishapita na bomba likaoshwa, hupitishwa maji yenye asidi. Mahali ambapo protini A na mkia wa kingamwili vimegusana pana histidini, na histidini ikikutana na asidi hupata chaji ya umeme. Zile chaji zinasukumana, mshiko unalegea, kingamwili inatoka. Asidi haina budi kupunguzwa upesi, la sivyo kingamwili zitashikana zenyewe kwa zenyewe na kuwa mabonge yasiyofaa. Watafiti wanaochunguza mshiko huu hupima mambo mengi: chembe zinabeba kingamwili kiasi gani kabla hazijaanza kuvuja chini ya bomba, mchuzi ukienda kasi, kingamwili, ambayo ni kubwa, inapata muda wa kuingia katika vitundu vya chembe au inapitiliza, na baada ya kuoshwa mara nyingi chembe zinapoteza nguvu kiasi gani. Maswali yao yote ni ya kushika na kuachia. Hakuna hata moja linalouliza kama kingamwili inamkinga mtu.

Tukiitazama aya yetu kwa macho haya tunaona kosa la kwanza. Kulikuwa na mishiko ya aina mbalimbali, nasi tulitaka kitenzi kimoja kwa yote. Upo mshiko wa gundi au ulimbo, usiochagua: protini inagusa kitu na kubaki hapo. Upo mshiko wa mkia, unaochagua jamii nzima lakini haumjui mtu mmoja mmoja. Na upo mshiko wa mkono, unaojua kitu kimoja. Kiswahili kina kunata kwa ule wa kwanza na kunasa au kushika kwa hii mingine, na mkulima yeyote anayetega ndege anaijua tofauti kati ya ulimbo na tundu bila kufundishwa. Wanafunzi saba walioleta vitenzi saba hawakuwa wamechanganyikiwa. Kila mmoja alikuwa ameona sehemu moja ya kweli.

Kosa la pili lilikuwa katika kitenzi cha kazi nzima, yaani kusafisha. Tulilipitisha bila kulitazama. Lakini kingamwili haikuwa chafu. Ilikuwa imechanganyika. Mama anayetoa mawe katika maharage hasemi anasafisha maharage, anasema anachambua, na hivyo ndivyo tunavyosema kwa pamba na karafuu pia. Ajabu ni kwamba kuchambua ndiyo kazi tunayodai kuifanya sisi wenyewe kila siku katika Idara hii, na bado neno halikutujia.

Turudi kwenye neno kuu. Mwaka 1891 Paul Ehrlich wa Ujerumani alitumia neno Antikörper, ambalo Wafaransa, Waingereza na wengine walilitafsiri kipande kwa kipande. Katika neno hilo mwili si mwili wa mgonjwa. Ni kitu, umbo dogo, na sehemu ya mbele inasema kwamba kitu hicho kinakabiliana na kingine. Kiswahili kilipolipokea kilifanya jambo la werevu na la hatari kwa pamoja. Kilichukua mwili kikaufanya kuwa mwili wa mtu, na badala ya ukabilifu kikaweka kinga. Neno likawa linasikika vizuri, linaeleweka na mtoto wa shule, na linabeba ahadi ambayo Ehrlich hakuitoa ndani ya jina. Kwa kanuni zote za uundaji wa istilahi tunazofundisha, kingamwili ni neno lililofaulu. Ni fupi, ni la asili, na limekubalika kuanzia redioni hadi vitabuni. Hoja yetu si kwamba liling'olewe. Hoja ni kwamba hakuna aliyelifuata kuona linafanya nini likifika zahanati.

Ndiyo maana tunakwenda Dzaleka. Makazi haya ya wakimbizi yako wilaya ya Dowa, kama kilomita 45 kutoka Lilongwe, na yalifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa zama za Kamuzu Banda. Yalikusudiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000, na katika miaka ya karibuni yamekuwa na zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kisha Burundi na Rwanda. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni, makanisani na jukwaani katika Tamasha la Tumaini linalofanyika hapo tangu 2014. Lakini ni Kiswahili kilichoko katika nchi ambayo zahanati yake huandika kwa Kiingereza na kuzungumza Kichewa. Mkalimani wa Dzaleka hana gazeti la Kiswahili la kuegemea, wala mwongozo wa istilahi juu ya meza. Ana Kiswahili chake cha Bukavu au Uvira, maneno machache ya Kifaransa cha shuleni, na Kichewa alichojifunza kwa kuishi. Kama kuna mahali ambapo neno letu linapimwa bila msaada wa sisi wenye kamusi, ni pale.

Na kingamwili zimejaa pale, ingawa haziitwi hivyo. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, na katika zahanati za Malawi, kama za Tanzania, kazi hiyo hufanywa zaidi na kile kijiti cha plastiki chenye dirisha. Kijiti hicho ni kromatografia iliyolazwa chali. Tone la damu na matone ya maji ya dawa hutambaa juu ya karatasi ya nitroselulosi. Njiani hukutana na kingamwili zilizobebeshwa chembe ndogo mno za dhahabu, ambazo kwa udogo wake huonekana nyekundu, si njano. Mbele zaidi, kingamwili nyingine zimenatishwa kwenye karatasi kwa mstari mmoja. Kama damu ina protini ya kimelea, protini hiyo hushikwa na kingamwili ya dhahabu upande huu na kingamwili ya karatasi upande huu, dhahabu inarundikana, na mstari mwekundu unajitokeza. Mstari wa pili ni wa kuhakikisha kwamba kijiti kinafanya kazi.

Sasa tuuliize swali la mhakiki. Kingamwili hizo zinakinga mwili gani? Kwa kawaida ni kingamwili za panya, zinazotengenezwa na seli za maabara kwa njia ambayo Köhler na Milstein waliivumbua Cambridge mwaka 1975. Na katika vijiti vingi mstari wa kuhakikisha ni kingamwili ya mbuzi inayoshika kingamwili ya panya. Panya hayupo, mbuzi hayupo, na mgonjwa hakingwi na chochote kilichomo ndani ya plastiki ile. Kingamwili iliyonatishwa kwenye karatasi haikingi, inashika tu. Neno letu kwa hiyo limefika mahali ambapo nusu zake zote mbili ni za uongo.

Msomaji anaweza kusema kwamba mgonjwa hahitaji kujua ya panya na mbuzi. Ni kweli. Lakini anahitaji kujua kijiti kimeona nini. Vijiti vingi vya Afrika hutafuta protini inayofupishwa kuwa HRP2, ambayo kimelea cha falsiparamu huitoa kwa wingi katika damu. Dawa ikishaua vimelea vyote, protini hiyo hubaki ikizunguka kwa wiki kadhaa. Tuchukue mama aliyemleta mwanawe na homa, akapimwa, mstari ukatokea, akapewa dawa akamaliza. Wiki mbili baadaye mtoto ana mafua na homa nyingine. Kijiti kinaonyesha mstari tena. Kama aliambiwa kwamba kipimo kinaona wadudu wa malaria, hitimisho lake ni la akili timamu: wadudu wapo, dawa haikufanya kazi, au alipewa dawa mbovu. Na mkimbizi ana sababu zaidi za kuamini kwamba alipewa dawa mbovu. Atakwenda kununua nyingine mahali pengine, na homa ya pili, ambayo huenda ni ya mapafu, itaendelea bila kutibiwa. Kama angeambiwa kwamba kipimo kinashika uchafu unaoachwa na wadudu, na kwamba uchafu hukaa hata mwenye nyumba akishaondoka, angeuliza swali jingine. Angetaka kupimwa kwa hadubini, au kwa kijiti kinachotafuta protini nyingine ambayo hutoweka mapema.

Upo pia upande wa pili. Katika nchi kama Eritrea na Ethiopia wamepatikana vimelea vilivyopoteza jeni ya HRP2. Kimelea kipo, mgonjwa anaungua, lakini hakuna kitu ambacho mkono wa kingamwili unaweza kukishika, na kijiti kinanyamaza. Kitenzi kuona kinashindwa kabisa hapa.

Siku hiyohiyo, katika zahanati hiyohiyo, mama mjamzito hupimwa VVU kwa kijiti kinachofanana na kile cha malaria kama pacha, lakini kazi yake imegeuzwa. Safari hii kilichonatishwa kwenye karatasi ni vipande vinavyofanana na vya kirusi, na kinachoshikwa ni kingamwili za mama mwenyewe. Mstari ukitokea, tafsiri sahihi kwa mujibu wa istilahi zetu ni: umekutwa na kingamwili za VVU. Tulisome tena kwa masikio ya mtu asiyewahi kuingia darasa la biolojia. Amekutwa na kinga ya mwili dhidi ya VVU. Ni habari njema! Na jina la ugonjwa wenyewe, tulilolibuni kwa ustadi na kulieneza Afrika Mashariki nzima, ni Upungufu wa Kinga Mwilini. Kwa hiyo tunamwambia mtu kwamba dalili ya kuelekea upungufu wa kinga mwilini ni kuwa na kingamwili. Hatudhani kuna mshauri nasaha mwenye uzoefu anayesema hivyo. Wengi huruka neno na kusema tu "umekutwa na virusi". Wanafanya vizuri, lakini kuruka huko ni hukumu juu yetu. Istilahi ambayo wenye kuihitaji wanaikwepa imeshindwa mahali fulani.

Na hata kuruka kuna gharama. Mtoto wa mama mwenye VVU huzaliwa na kingamwili za mama, zilizopita katika kondo la nyuma, na zinaweza kubaki katika damu yake hadi umri wa miezi 18. Kijiti kitaonyesha mstari hata kama mtoto hana kirusi. Ndiyo sababu watoto wachanga hupimwa kwa kutafuta chembe za urithi za kirusi chenyewe, kwa damu iliyokaushwa juu ya karatasi. Malawi ilianza mwaka 2011, kabla ya nchi nyingine, kumpa kila mjamzito na kila anayenyonyesha aliye na VVU dawa za maisha, na watoto wengi wamezaliwa salama kwa sababu hiyo. Mama aliyezoezwa kwamba mstari ni kirusi, akiona mstari kwa mtoto wake, ataelewa vipi akiambiwa kwamba mtoto ni mzima? Anahitaji maneno yanayosema kwamba kilichoshikwa ni chake yeye, mama, na kwamba mtoto atakimaliza kadiri anavyokua. Maneno hayo yapo katika Kiswahili cha kila siku. Hayamo katika neno kingamwili.

Tuguse na picha inayoandamana na neno hili popote liendapo, yaani askari. Sote tulifundishwa shule ya msingi kwamba chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Kichewa nacho kina asilikali a m'thupi, na kwa hiyo mkalimani wa Dzaleka huikuta picha ileile katika lugha zote mbili na kuivusha bila kusita. Hatuilaumu kwa watoto. Lakini askari hupigana na kuua, na kingamwili peke yake kwa kawaida hufanya jambo la kimya zaidi: inashika kitu, inakizuia kisishike kingine, au inakiwekea alama ili wengine wakimeze. Askari hashiki mkia, haachii kwa sababu ya asidi, wala hapakwi juu ya karatasi. Kisha pana jambo ambalo sisi wa mijini tunalisahau upesi. Kwa mtu aliyetoka Kivu, ambako mwanajeshi huitwa pia soda, askari si lazima awe mlinzi. Huenda ndiye aliyemfanya akimbie. Kumwambia kwamba ndani ya damu yake kuna askari waliopungua, au waliozidi, ni kumpa taswira ambayo hatuwezi kuisimamia.

Tukirudi Lilongwe tunakuta neno letu limepewa mtihani mkubwa zaidi. Kati ya 2016 na 2018 wanawake 1,924 wa nchi za kusini mwa Sahara waliandikishwa katika jaribio la kingamwili iitwayo VRC01. Lilongwe na Blantyre zilikuwamo, na Kenya na Tanzania pia zilishiriki. Kingamwili hiyo ilipatikana kwanza katika damu ya mtu aliyekuwa akiishi na VVU, ikatangazwa mwaka 2010, kisha ikatengenezwa kwa wingi katika seli zilizotokana na ovari ya hamsta wa China na kuchambuliwa kwa mabomba ya aina tuliyoyaeleza. Washiriki walitiwa dripu kila baada ya wiki nane, wengine ya kingamwili, wengine ya maji ya chumvi matupu, bila kujua nani anapata ipi. Lengo lilikuwa kujua kama kingamwili hiyo inakinga.

Hapa istilahi inageuka kuwa suala la maadili. Mtu akiombwa ridhaa ya kushiriki jaribio la kupima kama kitu fulani kinakinga, na kitu hicho jina lake ni kinga, jibu limeshatolewa ndani ya swali. Hatuna nia ya kuhukumu fomu za ridhaa za jaribio hilo. Tunasema tu kwamba mfasiri yeyote wa Kiswahili atakayepewa kazi ya namna hiyo hana budi kupambana na jina kabla ya kufika sentensi ya pili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Kwa jumla VRC01 haikuzuia maambukizi kwa kiasi cha kuridhisha. Lakini dhidi ya virusi vile ambavyo mkono wake uliweza kuvishika vizuri, ilizuia kwa takriban asilimia 75. Tatizo ni kwamba virusi vingi vilivyokuwa vikizunguka vilikuwa na umbo ambalo mkono huo haukuliweza. Kwa maneno mengine, jaribio zima lilisema jambo ambalo wanafunzi wetu walikuwa wakihangaika kulisema: kwanza kuna mshiko, kinga huja baadaye, na wakati mwingine haiji.

Tunajua tutakavyojibiwa. Wapo watakaotaka tutohoe tu, tuandike antibodi, na mjadala uishe. Utohozi una faida moja kubwa, kwamba hauahidi kitu. Lakini hauelezi kitu pia, na kwa mama wa Dzaleka antibodi ni kelele ya Kiingereza kama ilivyo anticorps kelele ya Kifaransa kwa asiyesoma. Wengine watataka neno jipya lenye kushika ndani yake, tukaitwa mezani kubuni. Tumejaribu katika kikao kimoja na tukapata maneno matatu, yote ya kuchekesha. Neno lililokwisha kuota mizizi haling'olewi kwa azimio la idara.

Kwa mtazamo wetu nomino ibaki, na kazi ihamie kwenye vitenzi. Kingamwili ishike, inase, iachie, ipitwe. Karatasi inate. Bomba lichambue. Kijiti kisiseme kwamba kimeona mdudu; kiseme kimeshika alama yake. Kingamwili ya maabara itajwe ni ya nani, ya panya au ya mbuzi, ili mwili uliomo ndani ya neno usidhaniwe kuwa wa mgonjwa. Na pale inapotajwa katika majibu ya VVU, itajwe kama nyayo: mwili umekutana na kirusi na hizi ndizo nyayo za kukutana huko. Mkalimani hahitaji kamusi kwa hayo. Anahitaji ruhusa, na watu kama sisi ndio tuliokuwa tukimnyima kwa kumwambia kwamba maneno ya nyumbani si lugha ya sayansi.

Mwaka 2019 Kiswahili kilikubaliwa kuwa lugha rasmi ya SADC, na Julai 2023 Rais Chakwera, alipompokea Rais Samia Lilongwe, alieleza nia ya Malawi kukifundisha shuleni. Tulishangilia, kama ilivyotupasa. Walimu watahitajika, na baadhi yao bila shaka watatoka miongoni mwa wanaokizungumza Dzaleka. Watakuja na kushika na kuchambua zao. Itakuwa aibu wakikuta kwetu kalamu ileile nyekundu.

Karatasi za zoezi tumezitoa kabatini na kuzisahihisha upya. Waliotofautisha kunata na kunasa wameongezewa. Aliyeandika kuganda amebaki na alama zake. Na yule wa "ililegeza mkono ikaachia" amerudishiwa alama mbili tulizomkata, pamoja na barua fupi ya kueleza habari za histidini.